Damu ya Mstari wa Tatu

Kinyangiri, 3 Mei 1937

Shemeji Naftali,

Salamu kutoka nyumbani. Mvua imekatika, uwele umeinamisha vichwa vizuri, na ndege wameuona kabla yetu. Mama yako amekaa hapa mbele yangu, kwenye benchi la wagonjwa, ingawa haumwi. Anataka niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze. Anasema hivi:

"Mwanangu, nyumba yako inatobolewa. Ukuta wa chumba cha mkeo, upande wa kitanda, una shimo. Wiki ya kwanza lilikuwa kama kikombe. Sasa naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimeliziba mara mbili, limefunguka mara mbili. Kwa nje ukuta ni mzima. Anayekuja anakuja kwa ndani, na mlango tunaufunga. Wewe unajua ni watu wa namna gani wanaoingia bila mlango. Tumbo la mkeo lina miezi mitano, na mimi sitaki tena yale yaliyompata mkeo wa kwanza, Yunisi. Nifanye nini?"

Mwisho wa maneno ya mama. Ameshaondoka, sasa naandika yangu.

Mimi ni dresa tu, nafunga vidonda na kugawa dawa za kuhara, lakini nimewaza. Mwizi wa kuchimba ukuta huanzia nje, maana vitu viko ndani. Huyu ameanzia ndani. Ama ni mjinga sana, ama anachotaka ni ukuta wenyewe. Nitakwenda kuangalia. Dorkas ni mke wako kwa miaka miwili, lakini amekuwa dada yangu mdogo kwa miaka ishirini.

Shemeji yako,
Simeoni


Manyoni, 10 Mei 1937

Shemeji Simeoni,

Barua yako imefika na gari la moshi la jana. Nimeisoma tukiwa njiani tunabadilisha mataruma ya reli, na nyundo ikaniponyoka, ikakosa mguu wa mwenzangu kwa kidole kimoja. Nyapara akaniuliza kama nimefiwa.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Yunisi alipokufa, siku ileile ya kujifungua, na mtoto naye, nilimshika mkono kabla hawajamfunika. Kiganja kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Nikasema ni kifo kimekipausha. Baadaye nikakumbuka kwamba kilikuwa hivyo tangu wakati wa kupalilia. Nilikiona, Simeoni. Alikuwa akinipa maji, nikakiona kiganja, nikanywa maji.

Habari ya shimo ni ya mama na hofu zake. Mimi nakuomba kitu kimoja. Angalia viganja vya Dorkas. Usimwambie mama kwa nini. Na Dorkas usimwambie kitu kabisa, asije akaogopa.

Nijibu kwa gari linalofuata.
Naftali


Kinyangiri, 17 Mei 1937

Shemeji,

Nimemkamata mwizi wako. Nilikwenda mama yako akiwa shambani, nikamkuta Dorkas amekaa kitandani, mgongo umeegemea lile shimo kama mtu anayeficha sufuria.

Nikamwambia, "Fungua mdomo."

"Siku hizi wewe ni fundi wa meno?"

"Leo, ndiyo."

Akafungua. Ulimi mweupe, na kwenye meno ya nyuma udongo mwekundu. Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu mwezi wa pili wa mimba. Usiniangalie hivyo. Wenzangu wote wanalamba wa kichuguu kidogo."

"Wanalamba. Wewe umekula ukuta."

"Nikikosa, mate yananijaa, kichwa kinagonga. Simeoni, ukuta huu unanukia kama mvua ya kwanza. Hata nikilala nausikia."

Viganja nimeviangalia. Vimepauka, sikufichi. Basi nikamchoma kidole. Daktari wa misheni anayepita hapa kila mwezi aliniachia kitabu kidogo cha karatasi za kunyonya wino, chenye ukurasa mmoja wa mistari kumi ya rangi nyekundu. Wa kwanza ni kama maji yaliyooshea nyama, wa kumi ni mwekundu kama damu ya mtu mwenye bahati. Unadondosha tone kwenye karatasi, unalilinganisha. Tone la Dorkas limesimama mstari wa tano. Si pazuri, si pa kukimbilia.

Kinachopungua ni chuma. Usicheke, wewe unayekibeba begani kila siku. Ndani ya damu ya kila mtu kuna chuma. Ukikikusanya chote hupati zaidi ya misumari midogo miwili mitatu, lakini hicho kidogo ndicho kinachobeba pumzi na kuizungusha mwilini. Kikipungua, mtu anapanda kichuguu anahema kama amepanda mlima. Mtoto tumboni anachukua chake bila kuomba ruhusa. Safura nao, wale minyoo wanaoingia kwa nyayo, wanakunywa sehemu yao. Kinachobaki ndicho cha mama. Kwa nini mwenye upungufu huo hutamani udongo, kitabu changu hakijui, kinazunguka tu kwa maneno marefu. Ila udongo haumpi kitu. Unashika hata kile kidogo kilichomo kwenye mboga na kutoka nacho.

Nimempa dawa ya minyoo, ile ambayo daktari anakubali kwa wajawazito, na chupa ya vidonge mia vya chuma, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nimelazimika kumwambia mama yako habari ya shimo. Alikwenda akalitazama tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimemnyima chakula. Ndivyo watu watakavyosema. Mkamwana wa Raheli alikosa chakula akala nyumba."

Jirani wameniona nikichoma kidole. Sasa nikipita, wanawake wanaficha mikono ndani ya kanga. Wanasema mimi ni mumiani, nauza damu. Ningekuwa nauza, zahanati hii ingekuwa na mlango unaofunga.

Simeoni


Manyoni, 24 Mei 1937

Shemeji,

Mstari wa tano kati ya kumi. Nimelirudia neno hilo wiki nzima, kila nikipiga nyundo. Tano ni nusu. Mtu akiwa nusu, anazaa?

Nimeangalia reli kwa macho mengine. Tuna maili na maili za chuma hapa, kinaota kutu bure, na mke wangu amekosa misumari miwili. Basi nimekwangua kutu ya reli za zamani zilizolala nyuma ya kituo, nimejaza kopo la samli. Nimelituma na mwenzangu anayekuja huko. Mwambie mama amchanganyie Dorkas kwenye uji, kijiko kimoja kila siku. Kama ni kidogo, sema, nyuma ya kituo ziko nyingi.

Usingizi sina. Nikifumba macho napewa maji ya kunywa.

Naftali


Kinyangiri, 7 Juni 1937

Shemeji,

Kopo limefika. Nimelifukia nyuma ya zahanati kwa heshima zote. Mwili haujui kutafuna reli, Naftali. Chuma cha vidonge kimetengenezwa ili tumbo likikubali. Kutu yako ingempitia kama treni isiyosimama kituoni, ikimkwangua njiani. Lakini nimeona ulivyolijaza mpaka juu, na sijamwambia mtu.

Sasa habari mbaya, na kosa ni langu. Kidonge cha chuma hugeuza choo kikawa cheusi, cheusi kama lami. Mwili unachukua kidogo, kingine kinatoka na rangi yake. Hakina madhara. Daktari alinieleza, mimi nilisahau kuwaeleza wao. Nilikumbuka mistari kumi ya wekundu, rangi moja nyeusi nikaiacha.

Mama yako huwa anamsindikiza Dorkas kichakani, maana anaona kizunguzungu. Jumatatu iliyopita aliona. Wewe umemjua kabla yangu: amechunga tangu hajaota meno ya pili, na ndama anayeharisha nyeusi hajamwona akipona. Kwake mavi ni barua, na hiyo aliisoma vizuri, ila mwandishi alikuwa mwingine.

Nilipofika alikuwa mlangoni.

"Mama shikamoo."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Mama, nirudishie chupa."

"Chupa gani?"

"Hiyo iliyo ndani ya kanga yako."

"Hicho ni kifua changu, mwanangu. Kiheshimu."

Nikamweleza habari ya choo. Akasema mtu aliyetia sumu lazima awe na maelezo. Sijamwona Dorkas tangu siku hiyo. Nadhani vidonge vimeshatupwa shimoni.

Nakuletea saba humu ndani ya karatasi. Vimeze wewe, kimoja kila siku, kisha nenda kichakani uangalie. Halafu mwandikie mama ulichokiona na kwamba hujafa. Wewe ndiye shahidi pekee atakayemwamini.

Simeoni


Manyoni, 7 Juni 1937

Simeoni,

Nimepata barua ya mama, imeandikwa na mwinjilisti Marko. Anasema Dorkas anatoka weusi, kwamba ulimpa vidonge kwa siku kumi na nne, kwamba kabla ya hapo ulimtoa damu, na kijiji kizima kinajua unavyofanya na damu.

Nilikuomba uangalie viganja. Sikukuomba kingine. Dada yako mwenyewe.

Usikanyage nyumbani kwangu. Ukiandika sitasoma.

Naftali


Manyoni, 21 Juni 1937

Shemeji Simeoni,

Ile barua yako ilipishana na yangu njiani. Niliiweka siku mbili bila kuifungua. Siku ya tatu nikaifungua ili niichome vizuri, vidonge vikadondoka.

Nimemeza. Cha kwanza nilikishika kiganjani mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho. Siku ya pili nikaona. Ni kweli, ni lami. Niliogopa hata hivyo, ingawa ulikuwa umeniambia. Nilichuchumaa pale nikasema, Naftali, umekufa. Kisha honi ya gari ikalia, nikaenda kazini. Wiki imeisha. Nimepiga nyundo siku zote saba.

Nisamehe. Maneno niliyoandika siwezi kuyafuta, karatasi unayo wewe.

Humu kuna barua ya mama. Nimemwambia yote, mpaka habari ya kuchuchumaa. Msomee leo hii.

Naftali


Kinyangiri, 5 Julai 1937

Shemeji,

Nimemsomea. Nilisoma polepole, kwa sauti, Marko akiwa amesafiri kwenda Kiomboi kwenye mkutano. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akasema, "Umesoma vizuri sana. Na kama ingekuwa imeandikwa kwamba wewe ni muuaji, ungesoma hivyohivyo?"

Mtu anayesoma barua za kijiji kizima kwa miaka sita, na wakati mwingine akaruka mstari mmoja au miwili ili watu wasigombane, siku moja atakosa wa kumwamini. Mama yako anajua kwamba naruka. Tena niliwahi kuruka kwa faida yake.

Sasa nisome mstari nilioruka kwako. Damu ya Dorkas haikuwa ya mstari wa tano. Ilikuwa ya tatu. Niliandika tano kwa sababu ya ile habari ya maji ya kunywa. Daktari anasema kwenye tatu mwanamke anaweza kubeba, anaweza hata kuzaa, lakini akitoka damu kidogo tu ya kawaida, ile ambayo mwenzake anaifuta na kuomba uji, yeye hana ya akiba. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa Yunisi. Hakukuwa na mchawi. Kulikuwa na watu waliokuwa wakimwona kila siku, mimi nikiwa mmoja wao, na zahanati hii ilikuwepo.

Jumapili nilimwona Dorkas kwa mbali akienda kanisani. Alikaa chini mara mbili njiani. Mara ya pili nikadhani hatanyanyuka. Miguu imevimba. Imebaki miezi miwili, na kwa hesabu yangu hajameza kidonge mwezi mzima.

Omba ruhusa uje. Karatasi zimeshindwa. Mimi ndiye mtu wa kusema hivyo, na nimesema.

Simeoni


Kinyangiri, 12 Julai 1937
Kwa mkono wa mwinjilisti Marko, maneno ya mama yake Naftali

Mwanangu Naftali,

Mimi mama yako ni mzima. Barua yako, Marko amenisomea alivyorudi. Maneno ni yaleyale aliyoyasoma Simeoni. Kumbe hakuongeza.

Nakuambia jambo, na Marko ameapa hatalitoa nje.

Vile vidonge sikuvitupa. Siku nilipomnyang'anya nilikaa navyo nikawaza: kama ni sumu, nimemwokoa mtoto wa watu. Kama ni dawa, nimemwua kwa mkono wangu. Sikuwa na wa kumwuliza. Kama ni ng'ombe, ungejaribu kwanza kwa ndama mwingine. Nikasema, mimi nimeshazaa, nimeshazika mume, nyumba ikinikosa haitalala njaa. Nikaanza kumeza mimi. Kila alfajiri kimoja.

Siku ya tatu nikaona weusi. Nikaoga, nikavaa kanga yangu ya kanisani, nikalala kitandani nimenyoosha miguu ili wasipate taabu ya kuninyoosha. Jua likapanda. Likashuka. Nikasikia njaa. Nikaamka nikapika.

Nilimeza siku kumi ili niwe na hakika. Na jambo jingine, mwanangu: siku ya kumi nilitoka kisimani na mtungi kichwani mpaka nyumbani bila kusimama. Miaka mingapi nilikuwa nasimama pale kwenye mawe, nikidhani ni uzee.

Basi tangu katikati ya Juni nampa Dorkas, asubuhi na jioni, mbele ya macho yangu. Nimemkaripia kwa habari ya ukuta; ameuacha, au anaula nisipoona. Nimechinja beberu mmoja, maini nimempa yeye. Wazee waliuliza maini yako wapi. Nikawaambia beberu huyu hakuwa nayo.

Sasa vimebaki vinne. Kwa Simeoni siendi. Nilimwita mtia sumu mbele ya watu, na yule ni mtu wa kuvimba kichwa. Atanisamehe kwa maneno mengi, na mimi sina nguvu za kuyasikiliza. Nunua huko Manyoni utume upesi. Au njoo navyo. Naogopa, Naftali. Miguu yake nikiibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Mama yako Raheli


Kinyangiri, 27 Septemba 1937

Mume wangu Naftali,

Naandika mimi mwenyewe, Dorkas. Herufi zangu ni kubwa, karatasi itaisha haraka. Kusoma alinifundisha kaka Simeoni, kwa mkaa, tulipokuwa tunachunga. Amesahau kwamba nilijifunza.

Nimejifungua tarehe 9. Ni msichana. Nilianza kuumwa Jumatano jua likiwa juu, akatoka Alhamisi kabla ya ng'ombe kurudi. Damu ilitoka. Mama alinishika kichwa, akawa anahesabu vitambaa kwa sauti, na alipofika cha tano sauti ikakatika. Kaka alikuwa nje ya mlango, akasema, "Mama, hesabu." Mama hakuhesabu. Akasema tena, "Mama, nakuomba hesabu." Mimi nikasema, "Bado ni vitano." Ikasimama hapo. Niliwasikia wote wawili wanalia, mmoja ndani mmoja nje, na mtoto hajafungwa hata kitovu.

Vidonge vyako havikufika. Mama alingoja kila siku mlangoni, akiangalia njia ya kituo. Vile vya nyumbani viliisha. Siku ya tatu bila vidonge nikajiendea mwenyewe zahanati. Nilikaa chini mara nne njiani. Nikamnyooshea kaka kidole, nikamwambia choma. Alipolinganisha tone, akafunika ukurasa kwa kiganja. Nikamwondoa kiganja. Nikauliza, mstari huu ni wa ngapi? Akasema wa nne. Nikauliza, na mara ya kwanza ulikuwa wa ngapi? Akanipa chupa nyingine, na hapo ndipo akaniambia yote, na habari ya Yunisi, na viganja, na barua.

Kwa hiyo tangu Mei barua zimekwenda na gari na kurudi na gari, na zote zinanihusu mimi. Damu yangu imekwenda mpaka Manyoni. Choo changu kimeandikwa na mwinjilisti. Mama alikuandikia, Marko alikuandikia, kaka alikuandikia, wewe uliwaandikia wote. Mlikuwa mnaogopa, mkafichana hofu ili msiogopeshane. Mimi mkaninyamazia nisije nikaogopa. Naftali, nilikuwa naogopa kabla yenu. Ule ukuta niliula huku nalia. Nilijua si chakula. Sikujua ni nini, na kila niliyemtazama usoni alinitabasamia.

Mama anasema hukuja kwa sababu nyapara alikunyima ruhusa. Mimi nadhani uliogopa kufika. Sikulaumu sana. Wewe ulikuwa na Manyoni pa kukaa mpaka habari ije. Mimi sikuwa na mahali pengine, nilikuwa humuhumu.

Damu sasa ni mstari wa sita. Kaka na mama wanasalimiana, ingawa mama anamwita "bwana daktari" kwa namna isiyompendeza.

Mtoto ananyonya. Analala mdomo wazi. Hana jina, wanakungoja wewe. Ukilituma kwa kaka sitalipokea, na kwa Marko sitalipokea. Andika juu ya bahasha: Dorkas.

Mkeo,
Dorkas